Kiwiko, kandarasi na siku 172: maisha ya kazi ya mrushaji wa besiboli

Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani na Kanada ina timu 30. Kila timu huruhusiwa wachezaji 26 kikosini, na kati yao warushaji hawapaswi kuzidi 13. Hata hivyo, ukihesabu msimu ukiisha, timu moja huwa imepitisha warushaji 25, 30, pengine zaidi. Kuna walioumia, kuna walioshushwa ligi ya chini wakapandishwa wakashushwa tena, kuna walioachwa na timu moja wakaokotwa na nyingine wiki hiyohiyo. Kwa asiyeujua mchezo ni vurugu tupu. Lakini vurugu hiyo ina utaratibu wake, na sehemu kubwa ya utaratibu huo imejengwa kuzunguka kipande kimoja cha mwili: ligamenti (utepe unaounganisha mifupa) fupi kuliko kidole cha shahada, iliyo upande wa ndani wa kiwiko.

Kazi yenyewe

Mrushaji husimama juu ya kituta cha udongo chenye kimo cha sentimita 25, mita 18.44 kutoka kwenye bamba analosimama kando yake mpigaji. Bamba lina upana wa sentimita 43. Mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149 na umeshonwa kwa uzi mwekundu wenye mishono 108. Mpira unaopita juu ya bamba, usawa wa kati ya magoti na kifua, ni straiki. Vilevile ule ambao mpigaji ameuzungushia gongo akaukosa. Nje ya hapo ni boli. Straiki tatu zinamtoa mpigaji; boli nne zinampa bure kituo cha kwanza kati ya vinne anavyovizunguka kutafuta pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, timu hubadilishana zamu, na zamu za timu zote mbili kwa pamoja huitwa iningi. Mechi ina iningi tisa.

Mpira wa kilomita 153 kwa saa hufika kwa mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Mpigaji akiusubiri auone vizuri, amechelewa. Kwa hiyo hukisia, na kazi ya mrushaji ni kuliharibu kisio hilo. Mpira wa kasi hutoka kwenye ncha za vidole viwili ukizunguka kinyumenyume, zaidi ya mara 2,200 kwa dakika, na mzunguko huo huupunguzia kuanguka, hata mpigaji akapiga chini yake. Mpira wa kupinda huzunguka kwa mbele, ukadondoka kama uliokatiwa kamba. Slaida huteleza pembeni. Chenjapu ni udanganyifu mtupu: mkono unakwenda kwa kasi ileile ya mpira wa kasi, lakini mpira umeshikwa ndani zaidi kwenye kiganja, kwa hiyo unatoka pungufu kwa kilomita 13 hadi 16 kwa saa, na mpigaji anamaliza kuzungusha gongo kabla haujafika.

Idadi ya aina za mipira ambazo kijana amezimudu ndiyo huamua kazi yake itaelekea wapi. Mrushaji mwanzishaji, anayeanza mechi, hukutana na mpigaji yuleyule mara mbili au tatu kwa siku moja. Kila mara mpigaji anajifunza. Mwenye mipira miwili tu husomwa kufikia zamu ya tatu, na takwimu za wapigaji hupanda waziwazi hapo. Kwa hiyo mwanzishaji anahitaji mipira mitatu au minne anayoweza kuiweka anapotaka. Mrushaji wa akiba huingia kwa iningi moja, akatumia miwili kwa nguvu zote, akatoka. Kijana mwenye mpira wa kasi wa kutisha na slaida nzuri, lakini asiye na chenjapu, hupelekwa akiba. Kwa wengi si hiari yao, na malipo yake kwa kawaida ni madogo.

Waliozoea kriketi wataona tofauti moja kubwa. Katika kriketi anayerusha haruhusiwi kuunyoosha mkono kutoka kwenye mkunjo anapoachia mpira, lakini anaruhusiwa kukimbia kwanza. Mrushaji wa besiboli hakimbii. Anasimama, anainua goti, anapiga hatua moja ndefu inayokaribia urefu wa mwili wake, kisha anaukunjua mkono uliokunjwa. Nguvu yote inatoka ardhini, inapanda kwenye nyonga, kiwiliwili, bega, na inapita kwenye kiwiko kabla ya kufika vidoleni.

Kwa nini kiwiko

Wakati mkono umelala nyuma kabisa, kabla tu ya kurudi mbele, kigasha kinabaki nyuma huku bega likianza kuzunguka. Upande wa ndani wa kiwiko unataka kufunguka. Vipimo vya maabara kwa warushaji wazima vilionyesha kiwiko kikibeba takriban nyutoni-mita 64 katika kila mrusho mkali. Ligamenti yenyewe, ilipojaribiwa peke yake kwenye viwiko vya maiti, ilikatika kwa takriban nusu ya mzigo huo. Inayobakia hubebwa na misuli ya kigasha inayokunja vidole na kiganja. Hapa ndipo uchovu unapokuwa na maana kubwa: misuli ikichoka, mzigo wake unahamia kwenye ligamenti, na ligamenti haina namna ya kuchoka polepole ikakupa taarifa. Inachanika nyuzi moja moja, kisha siku moja inakatika.

Hadi mwaka 1974 hali hiyo ilikuwa mwisho wa kazi. Mwezi Julai mwaka huo Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers mwenye miaka 31, alichanika ligamenti. Tarehe 25 Septemba daktari Frank Jobe alimfanyia upasuaji ambao haukuwahi kufanywa kwa mchezaji: alitoa kano kwenye mkono wake mwingine, akatoboa vijitundu kwenye mfupa wa mkono wa juu na ule wa kigasha, akaipitisha kano hiyo iwe ligamenti mpya. John alikosa msimu wote wa 1975, akarudi 1976, akacheza hadi 1989. Kati ya ushindi wake 288, ushindi 164 aliupata baada ya upasuaji. Tangu hapo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa, si la daktari.

Leo unafanyika kwa namna ileile kimsingi. Kano hutolewa kwenye kigasha, na kwa wasio nayo (wapo watu waliozaliwa bila kano hiyo) hutolewa nyuma ya paja. Baadhi ya madaktari huongeza utepe imara wa kuishikilia ligamenti wakati inapona. Upasuaji wenyewe ni wa saa moja au mbili. Kinachohitaji muda ni kano kujigeuza kuwa ligamenti, na hilo haliharakishwi na pesa wala dawa. Wiki za kwanza kiwiko kimefungwa na kufunguliwa digrii chache kwa wakati. Kisha mazoezi ya nguvu ya bega na kigasha. Mwezi wa nne hadi wa sita mchezaji huanza kutupa mpira polepole kutoka mita 14 hivi, kwa siku mbadala. Umbali huongezwa hadi mita 36. Karibu na mwezi wa tisa au wa kumi anapanda kituta, kwanza mpira wa kasi peke yake, baadaye ile inayopinda. Mechi za kweli huja kati ya mwezi wa 12 na wa 18.

Kosa la kawaida hutokea mwezi wa saba au wa nane. Mkono hauumi, nguvu zimerudi, kijana anajisikia mzima kuliko alivyokuwa kabla, anaongeza kasi kabla ya ratiba. Kutouma si ushahidi kwamba kano imekomaa. Wanaochanika mara ya pili wako katika hali ngumu zaidi, maana kurudi baada ya upasuaji wa pili hutokea kwa nadra kidogo. Justin Verlander ni mfano wa aliyesubiri: alifanyiwa upasuaji mwaka 2020 akiwa na miaka 37, hakucheza kabisa 2021, na 2022 akarudi akashinda mechi 18 na kupoteza 4, wastani wake ukiwa 1.75, akapewa Tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. (Wastani huo ni pointi alizoruhusu mrushaji bila makosa ya wenzake, zidisha kwa 9, gawanya kwa iningi alizorusha. Chini ya 3.00 ni kazi nzuri sana.)

Kurudi kwa namna hiyo kumewafanya baadhi ya wazazi Marekani waamini upasuaji huongeza kasi. Hauongezi. Kasi inayoonekana baadaye inatokana na mwaka mzima wa mazoezi ya mwili chini ya uangalizi, ambayo kijana angeweza kuyafanya bila kupasuliwa.

Mwaka 2010 warushaji wa ligi kuu na za chini waliopasuliwa walikuwa 104. Mwaka 2024 walikuwa 281. Uchunguzi wa ligi yenyewe uliotolewa Desemba 2024 ulitaja sababu kuu: kukimbizana na kasi, kukimbizana na mpindo wa mpira, na kurusha kila mpira kwa nguvu zote. Takwimu za kasi zinasema vivyo hivyo. Mwaka 2008 mpira wa kasi wa kawaida katika ligi kuu ulikuwa karibu kilomita 148 kwa saa. Mwaka 2024 ulikuwa zaidi kidogo ya 151. Si pengo kubwa kwa macho, lakini ni wastani wa mamia ya watu, na viwiko vyao havikuongezeka unene.

Mbaya zaidi, jambo hili linaanza utotoni. Kamera na rada zimeingia kwenye viwanja vya watoto wa miaka 13, na kijana hujulikana kwa namba moja tu, ya kasi yake. Mwongozo unaotumika Marekani kwa watoto unaweka kikomo cha mirusho 85 kwa siku kwa wa miaka 11 na 12, na 105 kwa wa miaka 17 na 18, ambao wakivuka 80 wanatakiwa kupumzika siku nne. Unataka pia mkono upumzike miezi minne kila mwaka. Shida haiko kwenye namba hizo. Mtoto anachezea shule siku za kazi na klabu Jumamosi, na makocha wawili hawaoneshani madaftari.

Bega lina hatari zake, na ukweli ni kwamba mrushaji mzoefu akiambiwa achague, atachagua kuumia kiwiko. Gegedu inayozunguka kikombe cha bega ikichanika, hakuna upasuaji wenye matokeo yanayokaribia ule wa kiwiko.

Kuingia

Kijana wa Marekani, Kanada au Puerto Rico huingia kwa uteuzi wa kila Julai, ambao una raundi 20. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates walimchagua Paul Skenes wa kwanza kabisa na kumpa dola milioni 9.2 za kusaini. Wa raundi za mwisho hupata sehemu ndogo mno ya hizo.

Wa nchi nyingine, hasa Jamhuri ya Dominika na Venezuela, husaini kuanzia miaka 16, na dirisha hufunguliwa Januari 15. Timu zote zina shule zao Dominika. Katika miaka ya karibuni mlango huo umefika Afrika Mashariki. Uganda, ambayo mwaka 2012 ilipeleka timu ya kwanza ya Afrika kwenye fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani, sasa ina warushaji waliosaini: Ben Serunkuma na Umar Male kwa Los Angeles Dodgers mwaka 2022, kisha David Matoma kwa Pittsburgh. Mwafrika wa kwanza kurusha katika ligi kuu alikuwa Tayler Scott wa Afrika Kusini, mwaka 2019.

Kusaini si kufika. Chini ya ligi kuu kuna ngazi tano: ya wanagenzi, A, A ya juu, AA na AAA. Mkataba wa 2023 wa wachezaji wa ligi za chini ulipandisha malipo ya chini hadi dola 19,800 kwa mwaka kwa wanagenzi na 35,800 kwa AAA. Miaka ya nyuma wengi walikuwa wakibanana chumba kimoja. Mrushaji hukaa ngazi hizi miaka mitatu hadi mitano kwa kawaida, na wengi hawavuki AA, ambako wapigaji huacha kuzungushia gongo mipira iliyo nje ya bamba. Anayetegemea kasi bila shabaha huumbuka hapo.

Lifti ya AAA

Tofauti kati ya AAA na ligi kuu ni ya ajabu. Malipo ya chini ligi kuu mwaka 2025 yalikuwa dola 760,000, na hulipwa kwa siku: zaidi ya dola 4,000 kwa kila siku mchezaji anapokuwa kikosini. Ndiyo maana kila anayehusika huhesabu siku.

Msimu una takriban siku 187. Siku 172 zinahesabiwa mwaka mmoja kamili wa utumishi. Miaka mitatu ya utumishi inampa mchezaji haki ya kupeleka madai ya mshahara kwa waamuzi wa usuluhishi, si wale wa uwanjani. Timu inataja namba yake, mchezaji yake, na waamuzi watatu wanachagua mojawapo, hawaruhusiwi kukata katikati. Miaka sita inampa uhuru wa kwenda timu yoyote. Kabla ya mitatu, timu humlipa inachotaka mradi isishuke chini ya kima.

Sasa fikiria timu yenye mrushaji kijana aliyeiva. Ikimpandisha wiki tatu baada ya msimu kuanza, hatafikia siku 172, na timu itapata mwaka wa ziada kabla hajawa huru. Jambo hili limefanyika sana na limewachosha wachezaji kwa haki kabisa. Mkataba wa 2022 kati ya ligi na wachezaji uliweka dawa ndogo: anayemaliza wa kwanza au wa pili katika kura za mchezaji mpya bora hupewa mwaka kamili hata kama siku hazikutimia. Skenes alipandishwa Mei 11, 2024, akashinda kura hizo, akapata mwaka wake.

Kwa warushaji wa akiba kuna kanuni nyingine inayowaendesha. Mchezaji aliye kwenye orodha ya watu 40 wa timu (wale 26 wa kikosini na wengine wanaoweza kupandishwa) anaweza kushushwa bila ridhaa yake katika misimu mitatu, na ndani ya msimu mmoja hadi mara tano. Mrushaji akishushwa hukaa siku 15 kabla ya kurudi, isipokuwa anachukua nafasi ya majeruhi. Timu hutumia hili kila wiki: mrushaji wa akiba ametupa mipira 45 usiku wa Jumanne, mkono wake hautafaa kwa siku mbili tatu, kwa hiyo asubuhi ya Jumatano anashushwa na mwenye mkono mpya anapandishwa. Alicheza vizuri, akashushwa kwa sababu alifanya kazi. Misimu hiyo mitatu ikiisha, timu haiwezi kumshusha bila kwanza kumweka wazi kwa timu nyingine 29, na hapo ndipo majina mengi huanza kuhamahama.

Mwanzishaji ana maisha yenye mpangilio zaidi. Hurusha mara moja kila siku tano au sita, mipira 90 hadi 100. Siku inayofuata anakimbia na kunyoosha mwili. Siku ya pili au ya tatu anarusha mipira 25 hadi 35 kwenye eneo la kupashia misuli, bila nguvu zote, kurekebisha kilichoharibika. Siku zilizobaki anasoma video za wapigaji na kutupa kidogo. Kazi imefupishwa mno: Nolan Ryan alirusha zaidi ya iningi 332 mwaka 1974, mwaka 2024 waliofika 200 katika ligi nzima walikuwa wanne.

Akiumia akiwa ligi kuu, mrushaji huwekwa kwenye orodha ya majeruhi kwa siku zisizopungua 15, au 60 kwa jeraha kubwa. Mshahara na siku za utumishi vinaendelea. Akiumia jeraha lilelile akiwa AAA, nje ya orodha ya 40, hapati siku hata moja ya ligi kuu. Kiwiko ni kilekile. Tofauti ni mji aliokuwamo siku kilipokatika.

Kandarasi kubwa, zikisainiwa, hulipwa zote. Washington Nationals walimpa Stephen Strasburg dola milioni 245 kwa miaka saba Desemba 2019, baada ya kuwapa ubingwa. Baada ya hapo alirusha mechi nane tu. Neva na mishipa ya damu kati ya shingo na bega vilibanwa, na upasuaji haukumrudisha. Timu inalipa. Hata hivyo Desemba 2023 Dodgers walimpa Yoshinobu Yamamoto milioni 325 kwa miaka 12, akiwa hajarusha mpira hata mmoja nje ya Japani katika ligi ya kulipwa. Warushaji bora ni wachache kiasi kwamba timu hukubali hatari hiyo.

Mwisho wa kazi

Sandy Koufax aliacha akiwa na miaka 30, baada ya msimu wa 1966 aliposhinda mechi 27, kwa sababu kiwiko chake kilikuwa na baridi yabisi na hakutaka kukipoteza. Nolan Ryan alicheza misimu 27, akatoa wapigaji 5,714 kwa straiki, na akaondoka Septemba 1993, ligamenti ya kiwiko ilipokatika akiwa kituta cha Seattle na umri wa miaka 46. Hawa ni wa nadra. Wengine huachwa bila tangazo, wakaenda Japani, Korea Kusini, Taiwan au Meksiko kutafuta misimu miwili mitatu zaidi.

Wapo pia ambao mkono ni mzima na mpira haufuati amri. Steve Blass wa Pittsburgh alishinda mechi 19 mwaka 1972. Mwaka uliofuata aliwapa wapigaji 84 kituo cha bure katika iningi chini ya 89, wastani ukafika 9.85. Madaktari hawakuona kitu. Warushaji hawapendi hata kulitaja tatizo hilo.

Kinachobaki baada ya kuachwa hutegemea hesabu ileile ya siku. Siku moja ligi kuu inampa mchezaji haki ya bima ya afya. Siku 43 zinampa pensheni ya awali. Miaka 10 pensheni kamili. Septemba kikosi hupanuliwa kutoka 26 hadi 28, na warushaji wanaweza kufika 14. Mrushaji wa miaka 31 mwenye siku 20 za utumishi, akipandishwa Septemba mosi na asishushwe, atafika 43 wiki ya mwisho ya msimu.